Jiwe Nililosema ni la Kileleni

Jamaa zangu,

Leo nimeaibika mchana kweupe, na walionichongea ni miguu yangu mwenyewe.

Naandika huku nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi, kwa hiyo mkiona mwandiko unayumba msiseme nimelewa. (Nilewe nini huku Eldas? Chai ya maziwa ya ngamia?) Barua ni moja kwa nyote watatu. Akimaliza mmoja ampelekee mwenzake. Isisomwe kwa sauti mbele ya walimu wengine, tafadhali.

Nilishawaambia kwamba darasa langu la nane halitaki kusikia habari za ramani. Si wajinga hata kidogo. Hesabu wanaimeza. Lakini nikitundika ramani ubaoni wananitazama kwa huruma, kana kwamba nimetundika nguo yangu ya ndani. Wiki mbili zilizopita Habiba, msichana wa miaka kumi na minne anayeongoza darasa zima, aliinua mkono.

"Mwalimu, hii karatasi imewahi kufika hapa kwetu?"

"Walioichora walifika."

"Lini?"

Nikaangalia pembeni ya ramani. Ilichorwa kabla sijazaliwa! Darasa likacheka, na Habiba akafunga daftari. Akalifunga mbele yangu, taratibu, kwa adabu zote. Tangu siku hiyo hajalifungua kwenye somo langu. Mtihani wa taifa unakaribia, ramani ina maswali yake, na mtoto huyu anatafuta nafasi katika shule ya bweni kule Garissa. Akiyakosa maswali yale, nafasi itakwenda kwa mwingine naye atabaki hapa na mbuzi. Jambo hilo limekuwa likininyima usingizi.

Basi nikaapa mbele ya darasa. (Ulimi huu, jamani!) Nikasema Jumamosi nitapanda Buur Madow, ule mlima mweusi tunaouona dirishani, kwa kufuata ramani tu, bila kumuuliza mtu njia. Nitawaletea jiwe la kileleni. Nikifika, wafungue madaftari. Nisipofika, wayafunge yote na mimi nisilalamike.

Jumamosi yenyewe ni leo.

Tulitoka mara tu baada ya sala ya alfajiri, mimi na Hussein. Hussein anafundisha hesabu, ni mzaliwa wa hapa, na ndiye rafiki yangu mkubwa tangu niletwe huku. Alikubali kuja kama shahidi, kwa sharti kwamba hatanionyesha njia. Mimi nilivaa buti za mtumba zenye nyota tatu kwenye soli. Yeye alivaa kandambili. Nikamwonea huruma.

Saa nzima ya kwanza nilikuwa mtu wa maana. Nilisimama, nikageuza ramani, nikaelekeza kidole mbali. Kisha ramani ikasema laga, yaani ule mto mkavu, iko kulia kwetu. Laga ilikuwa kushoto.

"Hussein, laga imehama?"

"Mimi ni shahidi, walaal," akajibu, yaani ndugu kwa Kisomali.

Ilikuwa imehama kweli. Zile mvua za El Nino ziliichimbia njia mpya, na aliyechora ramani hakupewa taarifa. Nikaifuata ramani hata hivyo. Ikatuingiza kwenye miiba, tukazunguka, tukatoka pale pale tulipoingilia. Nikaingia tena kwa upande mwingine. Suruali yangu ikabaki na mguu mmoja na robo. Hussein alikuwa akinisubiri nje ya vichaka kila mara, kandambili zake safi.

Tukakuta kijia chembamba kinachopanda.

"Hiki kinaenda wapi?" nikauliza, nikijifanya nauliza hewa.

"Kinaenda mbuzi wanakoenda."

Nikakiacha, kwa sababu kwenye ramani hakimo. Tulipanda upande wetu, mawe yakiteleza, na kwenye saa nne hivi tukafika kwenye kibaraza cha mwamba, karibu kabisa na juu. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo tu. Hatua hamsini! Ila hatua hizo zilipita juu ya ukingo mwembamba, upana wa meza ya mwalimu. Kulia shimo. Kushoto shimo.

Mimi ni Mtaita. Nimezaliwa milimani, nimewaringia nyote kwa hilo miaka miwili mizima chuoni. Nikakaza mkanda, nikapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikakataa. Nikainama, nikaushika mwamba kwa mikono yote, nikarudi kinyumenyume kwa miguu minne hadi kibarazani. (Marehemu babu, nisamehe.)

"Wewe ungeweza kuvuka?" nikamuuliza Hussein nilipopata pumzi.

"Navuka tangu nina miaka saba."

"Basi nenda uniletee jiwe."

"Mimi ni shahidi."

Tukakaa. Kutoka pale nchi yote iko wazi mbele yako, tambarare hadi macho yanachoka, na vumbi la ng'ombe wa mtu likisogea polepole mbali sana. Nilimfikiria Habiba na daftari lake. Nikaokota jiwe jeusi lililokuwa karibu na mguu wangu.

"Hili na la kule juu yana tofauti gani?"

"Kwa macho, hakuna."

"Basi."

Hussein akakung'uta kandambili zake. "Walaal, sitakusemea uongo. Nisipoulizwa nitanyamaza. Nikiulizwa, wallahi nitajibu."

Nilijiambia kwamba namdanganya mtoto kwa faida yake, ili afungue daftari asome. Njia nzima ya kushuka nilikuwa narudia hilo moyoni. Lakini sikuwa nafikiria mtihani wa mtu. Nilikuwa naona aibu tu, nikaitafutia jina zuri.

Tulishuka vibaya kama tulivyopanda, na saa saba tukafika kisimani. Watu walikuwa wengi wakinywesha mifugo, na kati yao wanafunzi wangu saba. Mmoja wao alikuwa Habiba, aliyekuja na ayeeyo wake, yaani bibi yake mzaa baba, mwanamke mkavu mwenye fimbo na macho makali kuliko yangu. Wanafunzi wakanikimbilia. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake nikalinyanyua jiwe juu ya kichwa.

"Jiwe la kileleni! Ramani imenifikisha!"

Wakapiga makofi. Habiba akalipokea jiwe kwa mikono miwili, akaligeuza, akanitazama.

"Kwa hiyo ramani ni ya kweli?"

"Ya kweli kabisa."

Nikatabasamu.

Ayeeyo wake hakuwa akiangalia jiwe. Alikuwa akiangalia chini, nilipopita. Akasogea karibu.

"Mwalimu. Inua mguu."

Nikainua. Mngekuwepo, hata nyinyi mngeinua. Akaitazama soli vile mtu anavyotazama meno ya ngamia anayetaka kumnunua, kisha akaishusha.

"Fiatu hii nimeona leo," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nyota tatu. Mbuzi yangu mbili ilibanda juu asubuhi, mimi nikafuata. Nyinyi mmeshatoka juu, mimi nimeshuka haraka na njia ya mbuzi. Fiatu hii imeingia miiba, imezunguka, imetoka. Imeingia tena, imetoka tena. Alafu imefika kwa ile mawe ya kukaa. Vumbi iko hapo, inaonyesha fizuri. Imeenda mbele moja, mbili, tatu." Vidole vitatu vikasimama hewani. "Ya nne hakuna."

Akawageukia watu wote pale kisimani. Na mbuzi pia, nadhani.

"Ya nne, mtu amekuwa mnyama. Mkono mbili, goti mbili. Amerudi, makalio mbele."

Kicheko kilichopasuka hapo sijawahi kukisikia maishani. Mwanafunzi mmoja alijitupa mchangani. Mzee mmoja nisiyemjua kabisa alilazimika kumshikilia ngamia wake asianguke. Habiba peke yake hakucheka. Akamgeukia Hussein.

"Mwalimu Hussein, ni kweli?"

"Ni kweli," akajibu Hussein, haraka mno, kama mtu aliyekuwa akililia swali hilo tangu asubuhi.

Mwezi mzima nimekuwa nikisema moyoni kwamba watu hawa hawasomi nchi yao. Na huyu mama, ambaye hajawahi kushika kalamu, alikuwa ameisoma asubuhi yangu yote mstari kwa mstari, pamoja na ule niliokuwa nimeufuta. Sikuwa na la kujificha nyuma yake tena.

"Habiba," nikasema, "ramani haikunidanganya. Mimi ndiye nimekudanganya. Niliogopa, nikarudi. Jiwe ni la kibarazani. Nisamehe."

Akanirudishia jiwe. Nikajua basi, daftari limefungwa moja kwa moja, na anayelifunga ni mimi.

Kisha akanyoosha mkono. "Nipe karatasi."

Nikampa. Akachuchumaa, akaitandaza mchangani, akaizuia kwa magoti upepo usiichukue. Kidole chake kikatafuta, kikapata kisima. Kikatembea. "Laga ilikuwa hapa kabla ya mvua," akasema kama anazungumza peke yake. Kikapanda mlimani, kupitia kontua, ile mistari ya miinuko niliyoifundisha hadi sauti ikakauka bila hata jicho moja kuniangalia. Karibu na juu kikasimama.

"Mwalimu, hapa mistari imebanana sana. Ulisema ikibanana ni mteremko mkali."

"Nilisema."

"Basi ni hapa uliogopa."

Ayeeyo akainama juu ya bega lake. Akaangalia kidole, akaangalia mlima, akaangalia kidole tena. Akasema jambo kwa Kisomali, na safari hii Hussein akanitafsiria bila kuombwa: "Anasema karatasi inajua."

Wale sita waliobaki wakachuchumaa wote kuizunguka ramani, vichwa vikigongana, kila mmoja akitaka kuona mahali mwalimu alipogeuka mnyama. "Nionyeshe! Nionyeshe na mimi!" Sijawahi kupata darasa la namna hiyo, na nimefundisha miaka mitatu.

Habiba bado alikuwa ameweka kidole pale pale, akinisubiri. Ningefanya nini? Mimi ni mwalimu, na jibu lilikuwa sahihi. Nikatoa penseli mfukoni na kumwekea alama ya vema mbele ya watu na mbuzi, pale kwenye kontua nilipotambaa.

Chekeni basi, nimewaruhusu. Ila kule nyumbani Wundanyi, nawasihi, mtu asimwambie mama.