Asali ya Mama Zaina Kwenye Mizani ya Uwanja wa Ndege

Leo nimevuliwa nguo mbele ya uwanja wa ndege wa Kindu mzima. (Nguo ninazo mwilini. Zinanata asali.)

Nianze mwanzo. Mnanijua, nisipofuata mpangilio silali.

Wengi wenu mnanifahamu kama Amisi fundi wa redio, yule aliyejifunza kazi kwa kubomoa redio ya baba yake na kuchapwa. Msilolijua ni kwamba nina ugonjwa wa sukari. Mwaka wa sita huu najidunga sindano kila siku, nimejificha. Mama ndiye aliyeniomba nifiche. Alishamzika mtoto mmoja kwa sukari, kaka yangu mkubwa Ramazani, miaka ya vita, na hataki majirani wamtazame tena kwa yale macho ya msibani.

Leo nilikuwa nasafiri kwenda Kinshasa kuonyesha macho. Yameanza kuona ukungu. (Siku hizi waya nyembamba naziunganisha kwa kubahatisha. Samahani, wateja.) Safari yangu ya kwanza ya ndege! Nilijiandaa wiki tatu. Barua ya daktari, nakala nane. Kichupa cha dawa nilikiviringisha kwenye kitambaa chenye maji, kama Baba alivyokuwa akimfungia Ramazani, kwa sababu dawa hii haipendi joto. Sindano nikaziweka kwenye boksi nililoliandika VIPURI VYA REDIO. Mkate, biskuti na sukari ya vipande, kwa dharura. Hata ratiba nilikuwa nayo: saa tatu na nusu kujidunga, saa nne kasorobo kula, saa nne kupaa.

(Mtu aliyezaliwa Kindu, anaamini saa ya ndege. Hapo tu ningejua nina ugonjwa wa pili.)

Saa tatu na nusu kamili niliingia chooni, nikajidunga. Dawa hiyo ikishaingia, lazima ule. Usipokula inashusha sukari ya damu mpaka unaanguka. Likumbukeni hilo.

Natoka chooni, huyo Mama Zaina, jirani yetu, amekuja kwa miguu na bidoni ya njano, kidumu cha lita mbili. Asali ya Kailo. Binti yake wa mwisho amejifungua Kinshasa. Kwetu, ukisikika unapanda ndege, wewe si abiria tena. Wewe ni lori la mtaa.

"Amisi, baba, hii usiipeleke kule chini kwa mizigo. Watapasua. Uishike mu mikono mpaka kwa muzazi."

"Ndiyo, Mama."

"Apa."

"Wallahi, Mama."

Nikaizungushia utepe mara tano na kuandika juu yake: USIFUNGUE. Mwandiko mzuri sana.

Mizani ilikuwa na jamaa mnene, mpole, ambaye watu wanamwita Papa Kilo. Akaupima mfuko wangu wa mkononi.

"Kilo saba. Mukononi ni tano tu, kijana. Punguza."

Asali peke yake ilikaribia kilo tatu, na nimeshaapa. Basi nikatoa mkate, biskuti, sukari ya vipande, chupa ya maji na bahasha ya barua za daktari, nikavisukumia vyote kwenye gunia langu kubwa la mizigo ya chini. Gunia likachukuliwa. Nikajisemea: dakika kumi na tano tu, ndani ya ndege watagawa chakula.

Hazikupita tano, Papa Kilo akasimama mlangoni.

"Wapendwa, avio, ndege yetu, bado kutoka Kisangani. Kule kunanyesha sana. Tuvumilie."

Maandazi yalikuwa yanauzwa nje ya uzio, hatua thelathini. Ningeomba kutoka. Lakini mlinzi angeuliza kwa nini, na kwenye mabenchi walikaa watu wanne wa mtaa wetu. Nikakaa. Nikatabasamu. Ilipokaribia saa tano jasho lilianza. Mikono ikatetemeka. Halafu benchi likaanza kutembea.

Sukari ikishuka, kichwa kinakuachia wazo moja tu. Langu lilikuwa la njano, lita mbili.

Niliuuma ule utepe. Mara tano nilizungusha, mimi mwenyewe! Nikauchana kwa meno kama mbwa aliyepata mfupa, nikainua bidoni, nikagugumia. Asali haina haraka, ndugu zangu. Inakuja polepole, kisha inakuja yote. Puani. Shingoni. Shati jeupe la safari.

Na Mama Zaina alikuwa bado kwenye uzio, hatua chache kutoka benchi langu. (Anayesindikiza kwetu haondoki mpaka ndege ipotee mawinguni. Hilo nilisahau kuliweka kwenye ratiba.)

"Eee! Amisi! Ile ni asali ya muzazi!"

Nikaanguka kutoka kwenye benchi. Mfuko ukamwagika. Boksi la VIPURI likafunguka, sindano zikatawanyika miguuni mwa watu.

"Anajidunga madawa huyu!"

"Fundi Amisi? Kumbe njo maana redio yangu inaongea peke yake!"

Kile kitambaa chenye maji nacho kikafunguka, na kichupa kikabingirika mpaka chini ya uzio, mbele ya Mama Zaina. Akainama. Alikijua kitambaa kile: hivyo ndivyo dawa ya Ramazani ilivyofungwa.

Miaka ya vita mji ulifungwa. Treni hazikuja, mtoni kulikuwa na bunduki, na dawa ya Ramazani ilikuwa inaletwa kwa ndege. Kisha ndege zikaacha kuja. Baba alitunyamazisha wote uani, hata Mama aliacha kutwanga, ili asikie kama kuna injini. Ramazani akakonda. Majirani, kwa upendo, wakaleta walichokuwa nacho ili apate nguvu. Mama Zaina alileta asali. Alimlisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Ramazani alipokwisha kuzikwa ndipo mtu akamweleza sukari ni ugonjwa gani.

Nilikuwa mdogo mno. Sikujua kwamba huyu mama amelibeba hilo hadi leo. Nimelijua alipompita mlinzi kana kwamba hayupo, akaidaka bidoni.

"Toa! Asali njo iliua kaka yako! Toa!"

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maelezo mazuri, yenye hoja tatu. Kilichotoka mdomoni ni "Mmba." Nikavuta. Akavuta. Kijana wa miaka ishirini na nane na bibi aliyepita sitini wanagombea bidoni sakafuni, na bibi anashinda.

Papa Kilo akapiga magoti katikati yetu.

"Mama, muachie! Mama yangu pia iko na sukari. Ikipanda inaua. Ikishuka inaua mbio zaidi. Ya huyu imeshuka. Muachie anywe!"

Hakuachia. Alimtazama Papa Kilo, akanitazama mimi. Kisha akamimina asali kwenye kifuniko cha bidoni na kuninywesha, kidogo kidogo. Macho ameyafumba.

Dunia ikarudi. Kwa bahati mbaya ilirudi na watu wote.

"Barua ya daktari uko nayo?" akauliza Papa Kilo.

Nilikuwa nazo nane. Zote kwenye gunia. Ikabidi niseme kwa mdomo, ukumbi mzima ukisikia: "Nina ugonjwa wa sukari. Kama Ramazani."

Mama Zaina alirudi nyuma, akakalia kitu cha kwanza alichokikuta. Ilikuwa mizani.

"Vijiko vile, Amisi. Mimi njo nilimupa."

"Mama, si asali. Dawa haikufika. Ndege haikufika."

Mnanijua, mimi ni mtu wa kusahihisha. Ugonjwa huu nimeusoma peke yangu mpaka usiku wa manane, na kulikuwa na sentensi ya pili, ya vile vijiko, ambayo ingelikamilisha jibu langu. Sikuisema.

Alilia bila sauti. Mshale wa mizani ukawa unatikisika pamoja naye.

"Mama," akasema Papa Kilo kwa upole, "samahani. Uko kilo hamsini na mbili. Shuka, watu wapime mizigo."

Akacheka huku analia. Nami pia. Hata yule mwenye redio.

Mama yangu alishapigiwa simu na mtu wa mabenchini, bila shaka. Akanipigia, nikajiandaa kugombezwa. Aliuliza neno moja tu: "Umekula?"

Sasa ni saa tisa. Shati limekauka, limekuwa ubao. Bidoni imebaki nusu. Mlinzi amekata tamaa ya kumtoa Mama Zaina. Bibi amekaa kando yangu, ameushika mkono wangu unaonata, na kila baada ya dakika chache ananiuliza kama benchi linatembea. Ndege bado.

Basi mkicheka, chekeni kwa sauti ya chini. Tunasikiliza injini.