Kuku wa Kubofya wa Nelfer Cantillo

Siku Nelfer Cantillo alipogundua namna ya kupata hela bila kuinuka kwenye kiti, alikuwa ameketi kwenye kiti, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Kiti chenyewe kilikuwa cha Doña Eneida, mama anayekaanga arepa, ile mikate bapa ya unga wa mahindi, kwenye kona ya mtaa wetu wa Las Nieves, pale ambapo moshi wa mafuta unaingia kila nyumba bila kubisha hodi. Mkono wa kushoto wa Nelfer ulishika arepa ya yai. Mkono wa kulia ulikuwa unabofya simu. Na asionekane mtu wa ajabu: mwaka ule jiji letu zima la Barranquilla lilikuwa linabofya. Kulikuwa na programu moja ya simu iitwayo Piñita. Unaifungua asubuhi, unaona nanasi, unalibofya mpaka linapasuka, tarumbeta inalia, unapewa pointi. Pointi zikikusanyika zinageuka vocha, au pakiti ya kahawa, na kwa wale ambao Mungu anawapenda zaidi, feni ya plastiki. Kazi ndiyo hiyo. Hakuna jasho, hakuna bosi. Na bado watu walilalamika kwamba kidole kinauma.

Nelfer aliiweka simu juu ya stuli ili afute mafuta kidevuni. Makombo ya arepa yakadondoka juu ya kioo. Kuku mmoja wa Doña Eneida, mwembamba, shingo haina manyoya, akaruka juu ya stuli na kuanza: ta-ta-ta-ta-ta! Nanasi likapasuka. Tarumbeta ikalia. Kioo kikaandika HONGERA.

Nelfer akaacha kutafuna. Hili si jambo dogo. Hata kwenye mazishi ya mjomba wake hakuacha kutafuna.

"Doña Eneida," akasema polepole, "huyu kuku unamuuza?"

"Huyo? Hatagi, hanenepi, na ana roho mbaya. Mchukue kabla sijabadilisha mawazo."

"Unao wengine kama huyu?"

"Wenye roho mbaya? Ninao banda zima."

Basi kesho yake jioni, mbele ya duka la Don Leovigildo, wazee wakiwa wanapiga dhumna kwa kelele kama vile wanavunja nyumba, Nelfer akatokea na shati jeupe, viatu vya kung'aa, na yule kuku kwapani akiwa amefungwa utepe mwekundu shingoni. Hakusalimia. Akaweka simu katikati ya meza, juu ya vipande vya dhumna.

"We, toa takataka zako, nilikuwa nashinda!" akafoka Don Leovigildo, mwenye duka. Hakuwa anashinda.

"Don Leo, nisamehe. Nilitaka tu Injinia apumzike kidogo, ametoka safari."

"Injinia nani?"

"Huyu hapa."

Wakamwangalia kuku. Kuku akawaangalia kwa jicho moja, kama anavyofanya mkaguzi wa kodi.

"Amesomea Medellín," Nelfer akasema kwa sauti ya chini.

Hapo mambo yakabadilika. Sisi watu wa pwani tunawacheka watu wa Medellín kule milimani kwa kila kitu, lakini ndani ya moyo tunaamini kwamba hata panya wao wanaamka alfajiri kwenda kazini. Nelfer akatoa kitambaa mfukoni, akakifuta kioo cha simu kwa heshima kama padri anayefuta kikombe. Kitambaa kile kilikuwa kimelowekwa kwenye uji mwepesi wa mahindi, lakini hilo hakulitangaza.

"Msomi hapendi kioo kichafu," akaeleza. Kisha akamweka kuku mezani.

Kuku hakuwa amekula tangu jana. Ta-ta-ta-ta-ta! Nanasi likapasuka. Tarumbeta. HONGERA.

Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba. Don Leovigildo akavua miwani, akaivaa tena.

"Kwa hiyo mimi nalala, yeye anabofya?"

"Wewe unalala, Don Leo. Ukiamka, unakuta pointi."

"Na analipwa nini?"

"Punje mbili tatu. Si mtu wa makuu."

Ndani ya wiki moja Las Nieves ilikuwa na wasomi wenye manyoya katika kila ua wa nyumba. Nelfer alikuwa anawachukua kwa Doña Eneida kwa bei ya kuku mgonjwa na kuwauza kwa bei ya pikipiki iliyotumika kidogo. Kila mmoja alikuwa na utepe. Kila mmoja alifutiwa kioo mara ya kwanza na Nelfer mwenyewe, ambaye sasa aliitwa mwalimu, akabofya vizuri mbele ya mnunuzi, na kesho yake akasimama mbele ya nanasi akiliangalia kama mtu aliyeachwa na basi.

Mnadhani Nelfer alikimbia? Tapeli wa daraja la chini hukimbia. Nelfer aliwasikiliza wateja wake, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Tatizo si akili, ni ari. Amekata tamaa. Mlete kwenye semina."

Semina ilifanyika nyuma ya nyumba yake. Kuku walikaa huko siku nzima bila kupewa chochote, kisha wakarudishwa kwa wenyewe, kioo kikafutwa, wakabofya kama mvua juu ya bati. Ada ya semina ililipwa papo hapo, kwa simu. Hela zote za Nelfer zilikaa kwenye simu, kwa sababu benki, alisema, zimejaa wezi.

Sasa tumfikie Yomaira.

Yomaira ana saluni mtaa wa pili, na ndiye mvivu mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona, nami nimeishi Las Nieves maisha yangu yote. Wateja huoshwa nywele wakati yeye amekaa. Alikuwa wa kwanza kununua kuku, na kuku wake amekwenda semina mara nyingi kuliko kuku yeyote. Jumatatu moja, saluni imefungwa, alikuwa amelala kwenye bembea anakula arepa huku anasoma ujumbe wa zamani wa Rodolfo, mume ambaye Yomaira mwenyewe alimwacha kwa furaha, akafuta kila kitu chake isipokuwa namba na ujumbe huo. Usingizi ukamchukua. Simu ikabaki tumboni, ina makombo. Kuku, katoka semina asubuhi ile, akaruka.

Yomaira aliamshwa na hodi. Mlangoni alisimama Rodolfo, na sanduku, na ngoma yake ya kanivali, na machozi.

"Nilijua, mpenzi wangu. Nilijua utanisamehe."

"Nani kakusamehe?"

Akamwonyesha simu. Mioyo. Mioyo myekundu mstari kwa mstari, na katikati yake picha ya pete, kisha mioyo tena.

Yomaira akamwangalia Rodolfo, akamwangalia kuku, akaangalia kombo moja la arepa lililobaki juu ya kioo, palepale penye alama ya moyo. Wengine wangepiga kelele. Yeye akarudi kwenye bembea kufikiri, kwa sababu kufikiri kunaweza kufanywa mtu akiwa amelala.

"Kuku hajui nanasi," akasema baada ya muda. "Kuku anajua mahindi."

"Unasema nini, mpenzi?" akauliza Rodolfo, ambaye ameshaanza kupiga ngoma taratibu.

"Nasema huyo Nelfer atanilipa. Udanganyifu wa kuku ningemsamehe. Lakini kunirudishia wewe, Rodolfo, siwezi kumsamehe."

Jumapili iliyofuata Nelfer alialikwa saluni, akaja na Injinia kwapani. Yomaira alikuwa amewaita wateja wake wote na jamaa za wateja wake, uwanja wa nyuma umejaa, Don Leovigildo yuko mstari wa mbele na kiti chake alichokuja nacho.

"Watu hawa wote wanataka kuku mwingine," Yomaira akamnong'oneza Nelfer. "Lakini wanataka kumwona Injinia mwenyewe, na simu ya mwalimu mwenyewe. Na tafadhali, mwalimu, utapanda jukwaani na kucha hizo?"

Nelfer akaziangalia kucha zake. Zilikuwa na historia.

"Kaa hapa. Bure kabisa. Dakika chache tu."

Yomaira hajawahi kufanya kazi bure, wala hajawahi kufanya kazi kwa dakika chache, lakini sifa ni kileo, na Nelfer alikuwa ameshakunywa. Akaketi mbele ya umati kama askofu. Mkono wa kushoto ukapakwa rangi nyekundu inayong'aa, ukawekwa kwenye taulo ukauke. Mkono wa kulia ukazamishwa kwenye bakuli la maji ya sabuni.

"Usitikisike, rangi itaharibika. Simu iko wapi? Nikufungulie Piñita."

"Mfuko wa shati. Kitambaa kiko hapohapo, lazima ufute kioo."

"Najua, mwalimu. Angalia hapa, tabasamu."

Nelfer akaitabasamia simu, simu ikamtambua, ikafunguka. Yomaira akabofya hapa na pale, kwenye simu ile na kwenye yake ya aproni, akiwa ameupa umati mgongo. Kitambaa hakukigusa. Alitoa kwenye mfuko wa aproni donge dogo la unga wa mahindi, dogo kama punje ya dengu, akalibandika juu ya kioo kwa kidole. Kisha akaiweka simu mezani na kumwachia Injinia, ambaye kwa heshima ya shughuli ile alikuwa na njaa ya siku mbili.

Nelfer akaangalia. Hakuona nanasi. Aliona maneno: *Yomaira anaomba malipo.* Chini yake kiasi, ambacho kilikuwa kila kitu alichonacho. Chini ya kiasi, kitufe cha kijani, KUBALI, na katikati ya KUBALI, donge.

"Subiri..." akasema.

Ta!

Mara hii haikulia tarumbeta. Simu ya Yomaira, ndani ya aproni, ikatoa mlio mdogo wa sarafu.

Umati ukasimama. "Katuma hela!" akapiga kelele Don Leovigildo. "Injinia katuma hela! Mmeona? Anafanya na malipo!"

Makofi yakapigwa mpaka kuku akashtuka. Nelfer alikuwa amenyanyuka nusu, mkono mmoja unadondosha povu, mwingine umenyooshwa mbele usiguse kitu, maana hata katika msiba ule alikumbuka rangi haijakauka.

"Mwalimu," akasema Yomaira, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "watu wanauliza. Huyu kuku ametuma hela kwa akili yake, au alikuwa anadonoa tu?"

Nelfer akaziona njia mbili mbele yake. Akisema kuku alikuwa anadonoa, basi uwanja huu una watu wengi, wengine wana mikono mikubwa, na kila mmoja ana kuku nyumbani. Akisema kuku ana akili, basi hela zimekwenda kihalali. Mdomo ule uliowahi kumuuzia mtu wa bandarini maji ya bahari ukachagua njia ya pili.

"Kwa akili yake," akasema mwishowe.

"Alikusudia?"

"Alikusudia."

"Asante. Injinia, asante nawe." Yomaira akamwaga punje chini. Kisha akawageukia watu. "Jamani, hela hizi nadhani zina wenyewe. Yeyote anayeona kuku wake alimdanganya, asimame hapa mbele, aseme kwa sauti, 'Mimi nilimnunua kuku wa Doña Eneida nikiamini amesomea Medellín.' Akishasema, namrudishia."

Hapo ndipo unapojua watu wa Las Nieves wana heshima zao. Mmoja akaangalia mawingu. Mwingine akakumbuka amebandika maharage. Doña Eneida peke yake ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akashikiliwa. Uwanja ukabaki mtupu kabla rangi ya Nelfer haijakauka.

Yomaira akarudi kwenye bembea. Kwanza akamkatia Rodolfo tiketi ya basi la Cartagena, yeye na ngoma yake, kutoka kwenye fungu la gharama za shughuli. Alikuwa anaanza kusinzia aliposikia mtu anakohoa kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa Don Leovigildo, kofia mkononi, anaangalia sakafu.

"Yomaira, mwanangu. Nina rafiki yangu mmoja."

"Ndiyo, Don Leo."

"Alinunua kuku. Mimi nilimkataza sana."

"Mbona hajaja mwenyewe?"

"Ana aibu, maskini. Ni mtu wa duka."

Yomaira akamrudishia rafiki wa Don Leovigildo hela yake yote, bila kucheka, jambo ambalo lilimgharimu nguvu nyingi. Mzee akatoka. Akaingia mama wa duka la dawa. Naye alikuwa na rafiki. Kisha fundi wa pikipiki, rafiki yake alinunua kuku wawili. Mpaka saa kumi foleni ilikuwa imezunguka jiko na kufika kwenye kamba za kuanikia nguo, watu wote wameangalia chini, na kila mmoja ana rafiki mjinga kupita kiasi.

Wa mwisho kabisa alikuwa mwanamume mwenye shati jeupe lililolowa povu, kuku mwenye utepe kwapani, mkono mmoja una kucha nyekundu zinazong'aa na mwingine hauna kitu.

"Dada Yomaira," akasema Nelfer Cantillo, macho chini, "nina rafiki yangu mmoja. Kuku alimtapeli kila kitu."

Yomaira akaiangalia ile mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu foleni ianze akainuka mwenyewe kwenye bembea, akavuta stuli, akaweka bakuli la maji.

"Hela zimekwisha, mwambie rafiki yako," akasema. "Lakini lete huo mkono mwingine, nisije nikasemwa mtaani kwamba naacha kazi nusu."