Kichujio cha Chuma na Ufunguo wa Jiko

Jumanne, 16 Januari

Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Gari limegoma kuwaka. Akili imewaka.

Siku kumi na mbili kabla ya mkutano mkuu wa usharika. Ardis Bjerke ameshika usimamizi wa kahawa, pamoja na ufunguo wa jiko la kanisa, kwa miaka ishirini na sita. Mimi miaka hiyo yote nimekunja viti. Mwaka huu nagombea.

Ardis huchuja kahawa kwa karatasi, na kila Jumapili karatasi huishia jaani. Mimi nitaleta kichujio cha chuma, cha kuosha na kutumia tena. Nani atapinga kutunza uumbaji? Nimempigia simu Mchungaji Kirsten. Ameridhia: siku ya mkutano watu waonje kahawa ya kila upande, kisha wapige kura.

Mke wangu Marlys ameuliza kama nimewahi kupika kahawa hata siku moja. Swali la mtu asiye na maono.

Ijumaa, 19 Januari

Vifaa vimefika, vya aina tatu. Vyote ni jagi la kioo na kichujio juu yake. Maji ya moto unamwaga kwa mkono.

Cha kwanza kina wavu mmoja. Kahawa ilishuka haraka, na mchanga wake. Cha pili kina nyavu mbili. Maji yalikaa juu dakika tisa yakitafakari; kahawa ilipofika chini ilikuwa baridi. Cha tatu ni koni ya chuma yenye vitundu vidogo, imepakwa rangi ya dhahabu. Kahawa yake ilikuwa mbaya kuliko zote.

Nimechagua cha tatu. Kinang'aa mpaka mlangoni, na kura hupigwa na macho.

Marlys alionja, akasema si mbaya. Kisha akachukua kijiko akachota kilichobaki.

Jumapili, 21 Januari

Nimempelekea Ardis kahawa yangu kwenye chupa ya chai, nimpime. Akanywa yote bila kukunja uso. Akasema ni ya aina yake. Kisha akanielekeza, kwa upole unaotia shaka: "Delmar, chuma hakitaki unga. Saga chengachenga, umwage maji polepole. Itakaa sawa."

Mpinzani anakupa siri ya kushinda? Mimi si mtoto. Nimerudi nyumbani nikasaga laini zaidi.

Jumatano, 24 Januari

Tope. Kikombe cha nne kilikwama kwenye meno yangu ya bandia.

Saa tano asubuhi, ufumbuzi. Nimechukua karatasi ya kuchujia, nikaikata ukingo kwa mkasi, nikaificha ndani ya kichujio cha dhahabu. Kahawa ikatoka safi kama asali. Kwa nje huoni kitu. Chuma kinapata sifa, karatasi inafanya kazi. Ndivyo ofisi nyingi zinavyoendeshwa.

Marlys amesema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba hata kanisa si mbali.

Jumapili, 28 Januari

Mkutano. Watu sitini na watatu. Jagi langu linatoa vikombe sita kila baada ya dakika tano. Foleni ilifika mlangoni, yanapotundikwa makoti. Hakuna aliyelalamika, watu wa hapa watapanga foleni wakitabasamu mpaka theluji iyeyuke. Mzee Lowell wa mwisho kabisa alisema hana haraka, alipoanza kupanga foleni alikuwa na miaka sabini na nane tu.

Karatasi zilizotumika nilizitia mfuko wa koti nikijifanya natafuta miwani. Koti la kijivu, na doa likasambaa. Mchungaji Kirsten akanijia taratibu akauliza: "Ndugu Delmar, umeumia ubavuni?" Nikasema ni jasho.

Nikaitwa kuhutubia. Nikasema, "Ndugu zangu, karatasi zimetuzidi," nikatia mkono mfukoni kutoa hotuba. Zikatoka karatasi kumi na moja, zimelowa, na mashapo yake, zikaanguka juu ya Biblia kubwa.

Nikaeleza kwamba ni leso. Wote wakaitikia kwa vichwa. Mtu akasifu keki za limau.

Kabla ya kura nilimwona Ardis akipita meza kwa meza, akiinama masikioni mwa watu. Kampeni dakika za mwisho! Haikumsaidia. Mikono ikanyooshwa: mimi hamsini na tisa, yeye wanne. Ardis mwenyewe alinichagua mimi. Marlys alimchagua Ardis.

Garini Marlys alinieleza maneno ya Ardis mezani: "Jamani, mpeni. Tukimnyima baada ya lile, ataonekanaje?" Wivu una lugha nyingi.

Jumatatu, 29 Januari

Ardis ameleta ufunguo mwenyewe, mlangoni. Hakuketi. Kesho anapanda ndege kwenda Arizona kwenye joto, kwa bintiye, mpaka Pasaka. Ni mara ya kwanza kusafiri majira ya baridi tangu ashike jiko. Alisema ametafuta wa kumwachia miaka kumi na minne, kila mtu akimkwepa. Akanikumbatia, jambo ambalo watu wa hapa hatufanyi.

Aliacha maagizo: jiko lifunguliwe saa kumi na moja na nusu alfajiri, na wiki hii kuna misiba miwili, waombolezaji mia na ishirini kila msiba. Aliacha pia boksi lenye utepe mwekundu. Ndani, karatasi za kuchujia elfu mbili, zimeshakatwa ukingo.

Amekimbia. Ndivyo afanyavyo mtu aliyeshindwa.

Ila amekata vibaya. Kwenye kichujio changu zinachungulia kama nusu inchi, na watu wangeona. Nimenoa mkasi. Nimefika ya mia tatu.