Mjomba wa Kukodi

Jumatatu, Agosti 7, 2006. Kitale.

Balaa! Kwaya imehama. Kwaya yangu yote, kina mama wa sauti ya kwanza hadi wazee wa besi, imechukuliwa na Munene, yule jamaa wa spika na jenereta anayejiita promota. Amewashonea sare za zambarau. Sare tu! Mimi niliwapa ndoto.

Na Jumamosi ni harusi ya Rosaline, binti ya Mzee Muchiri, mkulima mkubwa wa Kiminini. Nimemwahidi kwaya ya watu arobaini. Mimi, Kiarie, Mkurugenzi Mtendaji wa Kiarie Vipaji, wakala wa wasanii, sasa nimebaki na msanii mmoja: Kemboi, anayeiga sauti za mifugo. Harusi haiwezi kukata keki ikisikiliza mbuzi.

Wahu, mke wangu, hakunipa hata pole. Ofisi yangu ni stoo iliyo nyuma ya nyumba, na anaitaka kwa ajili ya vifaranga. Ameshawaagiza, wanafika Jumatatu ijayo. Nimebishana mpaka koo limekauka. Mwishowe amekubali jambo moja: mteja mmoja, hata mmoja tu, apige simu kunishukuru. Akipiga, ofisi ni yangu. Asipopiga, nafunga virago. Nimemwambia vifaranga watafutiwe makao mengine. Ameenda kupima pale atakapotundika taa ya kuwapa joto.

Jumanne, Agosti 8. Bungoma.

Wazo limenijia nikipiga mswaki! Huu ni mwaka wa tohara, ile inayokuja kila baada ya miaka miwili! Agosti ya namna hii Bungoma nzima iko barabarani inaimba, kutwa kucha, na hakuna hata mmoja mwenye meneja! Nimecheka peke yangu mpaka nikameza povu.

Karibu na Mabanga nimekutana na msafara. Mbele, kijana wa kutahiriwa, njuga mikononi, shanga kifuani. Nyuma yake kijiji kizima. Na katikati, sauti! Jamaa mrefu mwenye gambuti na kofia ya sufu akiita, umati ukiitikia mpaka mabati ya maduka yanatetemeka. Nywele zimenisimama. Nimelia kidogo, sioni haya kusema. Anaitwa Sifuna. Siku za kawaida huchoma matofali.

Nimempa kadi yangu. Ameiangalia pande zote mbili, kisha akaitumia kutoa nyama kwenye meno. Nimemweleza habari ya mkataba. Akacheka, akaniambia ati bana, kuimba huku hakukodishwi, mtu huimba kwa sababu mtoto ni wao. Na Jumamosi hana nafasi hata kidogo. Anampeleka kijana mwingine kwa mjomba wake, huko Kiminini.

Kiminini! Nimemkumbatia. Amenisukuma.

Jumatano, Agosti 9. Kiminini.

Nimekagua njia kwa miguu. Kijana atatoka kwao, karibu na soko, mpaka kwa mjomba wake, Mzee Wekoye, ng'ambo ya mto. Na barabara inapita langoni kwa Muchiri! Kazi ni kuwapindisha kushoto kidogo tu. Watu mia tatu badala ya arobaini! Bila sare, bila mazoezi. Munene atakunywa mafuta ya jenereta yake.

Nimempigia Sifuna simu, akakataa. Ati kijana haingii boma la mtu ovyo ovyo, huingia kwa jamaa. Nikafikiri haraka, kama mkurugenzi. Nikamwuliza, kwani hajui? Muchiri naye ni mjomba wa huyo kijana, wa mbali, upande wa nyanya. Sifuna akauliza, Mkikuyu? Nikasema hadithi ni ndefu, kulikuwa na ndoa fulani enzi za wakoloni. Akauliza kama Muchiri anajua kijana anakuja. Nikasema anangoja kwa hamu. Akauliza kama anaijua kazi ya mjomba. Nikasema, nani asiyeijua!

Mimi siijui. Lakini mjomba ni mjomba, atasalimia watu, tumalize.

Ijumaa, Agosti 11. Kitale.

Muchiri alitaka kusikia mazoezi ya kwaya. Nimemwambia kwaya kubwa hazifanyi mazoezi mbele ya mteja. Akasema basi amemwita Munene na spika zake, ati kama spea. Spea! Halafu Munene akanitumia ujumbe: Niaje, meneja wa mbuzi. Nimeandika majibu makali, nikayafuta, nikaandika mengine. Kisha nikagundua simu haina salio.

Sifuna naye amepiga. Ukoo mzima umefurahi kusikia kuna mjomba tajiri. Mashangazi wanatoka hadi Webuye. Watu mia nne sasa! Wahu ameniuliza mbona natabasamu vile. Nimemwambia aage ile stoo.

Jumamosi, Agosti 12. Kiminini.

Jamani! Siku gani hii!

Bibi harusi ameketi. Mchungaji amesimama na kisu cha keki. Spika za Munene zinanguruma. Muchiri akaniuliza kwaya yake iko wapi. Nikamwambia asikilize vizuri. Mara njuga! Mara sauti ya Sifuna! Lango likafunguka na watu wakamwagika ndani kama mahindi gunia likipasuka. Spika zikamezwa kabisa. Nilimwona Munene akiongeza sauti, akaongeza tena, jenereta ikakohoa, ikazima. Nilipiga mayowe ya furaha. Wageni wote juu! Mama mkwe wa Rosaline alitupa viatu. Hata Muchiri alitikisa bega. Ningekufa pale pale ningekufa nimeridhika.

Halafu wakanyamaza. Sifuna akasimama mbele ya Muchiri, akamshukuru kwa kumkumbuka mpwa wake, kisha akauliza kwa heshima ndume yuko wapi.

Muchiri akauliza, ndume gani?

Kumbe mjomba hachinji kuku! Mjomba hutoa ndume wa ng'ombe, achinjwe, na kijana avalishwe nyama ya kidari shingoni. Bila hiyo haondoki mtu. Muchiri akasema yeye si mjomba wa mtu yeyote pale. Umati ukaguna. Sifuna akawatuliza, ati wajomba wengine huwa wagumu hivyo, dawa yao ni kuimbiwa. Wakaimba. Wakaimba mpaka sukari ya keki ikaanza kutiririka na bibi harusi akaanza kulia.

Na ndume alikuwepo! Mweusi, amefungwa nyuma ya jikoni na utepe shingoni, zawadi ya wakwe. Shangazi mmoja wa Webuye akamwona, akapiga vigelegele. Mchungaji mwenyewe akamsihi Muchiri, kwa jina la Bwana, awape watu waende.

Akachinjwa kando ya hema. Kijana akapakwa taka za tumbo la ng'ombe kifuani, ndivyo desturi ilivyo. Zilizobaki Sifuna akanipaka mimi, kwa shukrani, kwa kuunganisha ukoo. Kwenye suti.

Kisha nikasikia Muchiri akiuliza ni nani hasa aliyesema yeye ni mjomba. Sikungoja jibu. Nimerudi Kitale kupitia mashamba ya mahindi.

Jumapili, Agosti 13. Kitale.

Hatukwenda kanisani. Wahu ameketi kando ya simu.

Wa kwanza kupiga ni Muchiri. Hakunishukuru. Wa pili ni Munene, amecheka mpaka simu ikakatika. Wa tatu, namba ngeni. Sauti ya mzee, imejaa machozi. Anataka kunishukuru! Ni Mzee Wekoye, mjomba wa kweli, amepewa namba yangu na Sifuna. Ati alikuwa na ndume mmoja tu, wa kulimia, na wiki nzima hakupata usingizi. Kijana amefika kwake nyama tayari iko shingoni, basi akawapa chai wakaenda. Ameniombea baraka mimi na watoto wangu. Ananiletea jogoo.

Nimerukaruka! Nimempa Wahu simu asikie kwa masikio yake. Akamwamkia mzee shikamoo, akamwuliza kama yeye ni mteja wangu. Yule mzee, mtu mkweli kupita kiasi, akasema hapana mama, mimi ni mjomba tu.

Jumatatu, Agosti 14. Kitale.

Vifaranga wameingia. Dawati langu liko verandani. Nimewasikiliza kwa muda. Wakilia pamoja kuna kitu pale, lakini Wahu amenikataza kuwapa kadi.

Jumanne, Agosti 15. Bungoma.

Habari njema kabisa! Kuna mazishi makubwa Mabanga Jumamosi. Waombolezaji chungu nzima, waimbaji wa kila aina, na hakuna wa kuwapanga. Tatizo ni dogo: wanaosikilizwa kwenye mipango ni watu wa ukoo peke yao. Basi nimemwambia mjane, Mama Wilkista, kwamba mimi ni binamu ya marehemu. Ameniangalia sana. Ameuliza mbona marehemu hakuwahi kunitaja. Nimesema tulikosana kidogo utotoni.

Amenishika mikono yote miwili, akaita wazee waje wanione. Wamefurahi mno. Wanasema kuna jambo fulani ambalo binamu hufanya kaburini, walikuwa wamekosa mtu, watanieleza nikifika. Nimewaambia hakuna shida.