Malalamiko Kuhusu Chumba cha Wawili na Mke Wangu Farida

Hamugembe, Bukoba,
Jumatano, baada ya adhuhuri.

Kwako Mwalimu Klaudia,
Darasa la Kiingereza la Watu Wazima kwa Njia ya Simu,
Kamachumu, Muleba.

Mwalimu niliyekuzidi umri lakini si elimu,

YAH: KUOMBA DARASA LAKO LIFUNGWE, AU ANGALAU LIPUNGUZWE UTAMU

Natumaini u mzima na mvua za huko hazijakukatia mtandao, ingawa ungekatika kidogo nisingelia. Mimi ni Lukmani, mume wa mwanafunzi wako Farida, yule mwenye kilemba cha njano anayejibu kabla hujamaliza kuuliza. Shule niliishia darasa la nne. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na sentensi mbili na fimbo moja, na hakuna aliyecheka hata siku moja. Wewe umekifanya Kiingereza kuwa mchezo, watu wazima wenye wajukuu wanapiga makofi mbele ya simu kama wako harusini.

Chanzo unakijua. Binti yetu Shadya ni muuguzi Kanada, na mwanawe Riyadhi, mwenye miaka sita, hajui lugha nyingine ila Kiingereza. Kila Jumapili wanapiga simu ya picha. Farida akachoka kumpungia mkono mjukuu wake kama anayeaga meli ya Mwanza, akajiandikisha kwako. Nikaona hakuna ubaya. Hilo ni kosa langu. Yafuatayo ni yako.

1. Gurudumu. Una gurudumu la rangi linalozunguka kwenye kioo na kusimama penye swali. Siku ya kwanza lilimsimamia Farida hapa: nani anakoroma nyumbani kwako? Mwalimu, nyumba yetu ina watu wawili. Alijibu kwa sentensi kamili, ukampa nyota.

2. Mchezo wa kutafuta vitu. Uliwapa dakika moja kila mtu alete kitu cha zamani kuliko vyote nyumbani mwake. Wenzake walileta vinu na pasi za mkaa. Farida aliichukua simu, akaja nayo jikoni, akanielekezea mimi. Hilo ningelisamehe. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, singilendi imetoboka, kisu mkononi, namenya ndizi. Wewe ni mtoto wa Kihaya, sina haja ya kukueleza. Baba yangu alikufa hajashika kisu cha ndizi. Babu yangu sidhani kama alijua kwamba zinamenywa. Nilikuwa namenya kwa sababu darasa lako linaanza saa kumi jioni, na saa hiyo ndiyo ya ndizi. Darasani yumo Mutalemwa wa Nshambya, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupata kifuniko. Kesho yake nilipofika barazani wazee wote waliitazama mikono yangu, kisha mmoja akaniuliza kwa upole sana, "Lukmani waitu, mwenzetu, utomvu wa ndizi unatokaje mikononi?"

3. Tarumbeta. Kila jibu sahihi, simu inapiga tarumbeta. Jogoo wetu alizaliwa na sauti iliyopasuka katikati, na tulikuwa tumeizoea alfajiri. Sasa tarumbeta ikilia naye anaitikia. Farida akipata majibu kumi, jogoo anawika mara kumi, na majirani wameanza kuniuliza kama anaumwa. Kisha jioni nzima naelezwa habari za nyota. "Baba Shadya, leo nimempita mhasibu wa Biharamulo!" Mhasibu wa Biharamulo simjui, lakini namwonea huruma.

4. Chumba cha wawili. Hapa naomba ukae kwanza. Unasema kompyuta inapiga kura, inawachukua watu wawili na kuwatia katika chumba chao, wazungumze bila wengine kusikia. Vizuri. Basi mara tatu mfululizo kura imemwangukia Farida na mtu anayejiita Rugambwa wa Muleba, ambaye haonyeshi uso, anasema kamera yake ni mbovu. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, halafu kompyuta inamfungia mke wangu chumbani na mwanamume asiye na sura!

Na wanaulizana nini? Unapenda nini. Mimi sijawahi kumuuliza Farida anapenda nini; nilidhani ni mimi. Huyu bwana aliuliza, akaambiwa kwamba anapenda kwenda ufukweni kuliangalia ziwa, na hajapelekwa tangu Shadya akiwa ananyonya. Rugambwa akampa pole. Pole! Tena kwa Kiingereza chenye makosa mawili.

Wiki iliyopita akamuuliza kwa nini anasoma. Farida akasema, kwa sababu mjukuu akipiga simu, mume wangu ananikabidhi simu haraka na kusema anakwenda kumwangalia ng'ombe. Kisha akaongeza: ng'ombe tulimuuza mwaka juzi.

Mwalimu, habari za ng'ombe yule ni siri ya ndani. Mzee kukosa la kumwambia mtoto wa miaka sita, akaenda kusimama penye zizi tupu hadi simu ikatwe, si jambo la kutumiwa kama zoezi la wakati uliopita.

Kwa hiyo naomba: gurudumu lisiulize mambo yaliyo chini ya bati la mtu, chumba cha wawili kiwekewe shahidi, ikiwezekana shangazi, Rugambwa ahamishiwe darasa jingine, lile gumu, na kama hayo hayawezekani, ufunge darasa kabla ya Jumapili. La sivyo nitapanda gari hadi Kamachumu, nikae na baba yako, tutafune kahawa mpaka jambo hili liishe, na unajua yeye akianza kutafuna haharakishi.

Wasalimie wazazi wako, wanafunzi wote, na mhasibu wa Biharamulo, mwambie asikate tamaa. Mutalemwa usimsalimie.

Ni mimi, mwenye ndoa yake,
Lukmani

Nakala: Baba yako.

Nyongeza, Ijumaa asubuhi. Bahasha nilikuwa sijaifunga, itakuja na basi la leo, na jana kulikuwa na kipindi. Naona afadhali uyasikie kwangu: Rugambwa ni mimi. Shadya alituletea simu mbili. Nakaa nyuma ya nyumba kibanjani, juu ya ndoo, kati ya migomba, ndizi nikiwa nimezimenya mapema.

Jana tukiwa chumbani, jogoo aliwika. Sauti ile iliyopasuka ikatoka uani na papo hapo ikatoka kwenye simu ya Farida. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kama anayemlisha mtoto: "Bwana Rugambwa, mna jogoo mbaya kama wetu. Sikiliza. Jumapili mtoto atapiga saa tisa. Mkeo atakuwa jikoni, anamenya ndizi. Simu utapokea wewe. Ukimaliza, utampeleka ziwani." Hakushangaa hata kidogo, nami nikaelewa kwa nini kura imetuangukia mara nne sasa. Kumbe kompyuta yako inaitwa Klaudia.

Nilielewa kila neno, Mwalimu, na hilo ndilo ninalokulaumu zaidi ya yote. Zamani ningesingizia sijasikia.

Basi darasa lisifungwe, wala Rugambwa asihamishwe. Kwa Jumapili nimeshaandaa sentensi nne: ya salamu, ya kumuuliza amekula nini, ya baridi ya huko, na ya jogoo. Ya tano imenishinda, naomba unisaidie kesho Jumamosi hata kwa dakika kumi. Ni ya kumwambia Riyadhi kwamba ng'ombe hayupo siku nyingi, na kwamba leo babu hatoki.