Paa Aliyepandwa kwa Ngazi

Jumapili, tarehe 4
Mchezo wa jana ulidorora. Mimi ni msimulizi. Wenzangu watatu ni wasafiri katika hadithi, na dadu huamua nani anapona. Binamu, mpiga mishale wetu, alipiga miayo mara kumi na moja, kisha akauliza adui ni nani. Adui tunaye tangu mwezi uliopita! Wiki nzima katikati huwasahaulisha. Na sasa Mwenyekiti, anayekaa mbele yangu darasani, anawavuta kwenye klabu yake ya mdahalo. Jumamosi, saa ileile. Akimpata hata mmoja tu, hatutatimia na mchezo umekwisha.
Nina mpango. Tutacheza kwa ujumbe kila siku. Mama amenikubalia simu yake nusu saa, nikishaosha vyombo.

Jumatatu, tarehe 5
Nimetuma historia ya ufalme. Aya tisa: utangulizi, kiini, hitimisho, kama mwalimu alivyotufundisha. Dokta, anayetibu majeraha mchezoni, amejibu kwa kidole gumba. Binamu ameomba muhtasari. Kimya amenyamaza, kama jina lake.

Jumanne, tarehe 6
Kanuni mpya: kila mtu asubiri zamu. Wa kwanza, Kimya.

Jumatano, tarehe 7
Kimya hajajibu. Wasafiri wamesimama ndani ya pango, mbele ya mlango uliofungwa, saa ishirini na nne. Binamu ametangaza kwamba mpiga mishale wake ameota ndevu. Mwenyekiti ameniuliza, mbele ya darasa zima, kama mlango umefunguka. Nimemwambia subira huvuta heri. Akasema heri ipi, wakati wewe huvuti hata watu watatu.

Alhamisi, tarehe 8
Balaa. Mama alitaka simu yake ampigie fundi bomba, jikoni maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nilibakiwa na dakika moja. Nikaandika tu: “Mmetoka pangoni. Mbele yenu kuna paa.” Hakuna utangulizi. Aibu tupu.

Ijumaa, tarehe 9
Ujumbe sitini na tatu! Mama alinisomea akipiga pasi. Binamu amempiga paa mshale, anataka nyama ya paja. Dokta alikuwa ameshaweka ngazi na kupanda juu yake, analalamika kwamba kuna mtu anaitoboa nyumba. Kimya ameandika kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Neno moja: “Napaa.” Sasa anazunguka angani juu ya wote wawili na hataki kushuka.
Mama aliweka pasi chini.
“Mwanangu, huyu aliye juu ya paa, wazazi wake wanajua?”
Nilimweleza. Akacheka mpaka akaunguza kola ya baba.
Shuleni niliwaomba radhi, nikaahidi kufuta yote na kuanza upya kwa ufasaha. Binamu akanikazia macho.
“Ukifuta, mimi naenda kwenye mdahalo.”
Simwelewi kabisa.

Jumamosi, tarehe 10
Wamekuja wote! Kabla ya saa! Walibishana tangu getini kama paa akichunwa vigae vinabaki. Hata Mwenyekiti alifika, eti kuangalia tu. Baada ya robo saa alikuwa anadai dadu, na ananiita msimulizi.
Nimetafakari kwa makini. Ni zile aya tisa. Maandishi mazuri hufanya kazi polepole, kama dawa ya mizizi. Wiki ijayo nitatuma kumi na nne.
Lakini kosa la Alhamisi halitarudiwa. Nimekaa na kamusi mchana kutwa, neno kwa neno, nikihakikisha hakuna tena neno la kuleta utata. Hitimisho la aya ya kumi na nne nimelisoma mara tatu, ni safi kama maji ya chupa: “Mnashuka bondeni. Katikati ya njia kuna kaa.”