Habari za Bwana Daraja la Kwanza na Kikonyo cha Dada Yake

Sogeeni, enyi mnaopalilia kahawa na enyi mnaoinywa tu, mpate habari za Bwana Daraja la Kwanza, karani mstaafu, simba wa mihuri, mtikisa mafaili, aliyevuka ua wa michongoma na kurudi hai.

Shujaa huyu alikuwa amepandiwa na vibarua mibuni sitini ya robusta, yote vikonyo, yaani vipande vilivyokatwa kwenye mti mmoja uliosifika kwa kuzaa. Akamtangazia dada yake, aliyekaa ng'ambo ya ua: "Mibuni yako ni machotara! Yangu ina ukoo!" Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Miaka mitatu ikapita. Kila msimu mibuni ikachanua, nyeupe pe kama jeshi la mabibi harusi, na kila msimu jeshi likapukutika lisiache buni za kujaza kikombe.

Akaitwa bwana shamba. Akacheka.

"Mzee, robusta haijichavushi yenyewe. Hii sitini yako ni mti mmoja tu. Inataka chavua ya aina nyingine. Omba kikonyo hapo jirani."

Omba! Neno hilo lilimchoma kuliko mkuki. Siku mbili chakula hakikupita. Siku ya tatu akavaa koti la ofisini, akafunga tai, akamwusia mkewe kama aendaye vitani, kisha akajipenyeza katikati ya michongoma. Miiba ikamla bega, naye hakurudi nyuma.

Dada alikuwa akianika buni. Hakuinua kichwa.

"Dada," akanguruma, na mngurumo ukatoka kama mluzi, "nimefika mbele yako kwa ajili ya maendeleo ya ukoo wetu mzima, na kwa kuzingatia..."

"Sema nipe."

Jasho likamtiririka. Mbingu zikasubiri.

"Nipe."

"Nikupe nini?"

"Kikonyo. Cha yale... machotara."

Dada akakata chipukizi moja, akalipunguza majani nusu, akamkabidhi. Mkono wake ukakawia kidogo kwenye wa nduguye.

"Umekonda, mdogo wangu."

Shujaa akarudi amekiinua kikonyo kama bendera, akakichomeka ardhini, akamhutubia mkewe robo saa nzima kuhusu ushindi. Ndipo sauti ya dada, aliyekuwa akichungulia, ikapaa juu ya michongoma:

"Wewe! Umekipanda kichwa chini!"

Akakitazama. Akakichomoa, akakipindua.

Basi na iandikwe, wajukuu wasome, kwamba katika miaka thelathini na miwili ya utumishi na mitatu ya ukulima, hayo ndiyo mapinduzi pekee aliyoyafanya kwa mikono yake mwenyewe.